Kijiko Hakifukuzi Ziwa: Maziwa na Chakula cha Kwanza cha Mtoto

Mtoto akikaribia miezi sita, kila mtu nyumbani anakuwa na la kusema. Muuguzi wa kliniki anasema subiri atimize sita. Bibi anasema wewe mwenyewe ulipewa uji ukiwa na miezi minne na umekua vizuri tu. Jirani anasema wa kwake anamaliza bakuli zima, kwa nini wako anatema? Na kwenye makundi ya akina mama katika simu, maswali mawili yanarudi kila wiki. La kwanza: "Nimeanza kumlisha, sasa hataki kunyonya, nifanyeje?" La pili: "Wangu anataka kunyonya tu, chakula hagusi. Nimpunguzie maziwa ili asikie njaa?"

Maswali haya yanaonekana kama yanapingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Wengi wetu tuliambiwa lini tuanze kumlisha mtoto, na tukaishia hapo. Hatukuelezwa maziwa na chakula vinakaaje pamoja ndani ya tumbo moja dogo kwa miezi yote inayofuata.

Tuanze na maneno, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko imo humo.

Kunyonya maziwa ya mama pekee ni kutompa mtoto kitu kingine chochote, hata maji. Dawa, matone ya vitamini na maji ya chumvi na sukari yanayotolewa kituo cha afya anapoharisha haviharibu hesabu hiyo. Chakula cha nyongeza ni chochote anachokula mtoto juu ya maziwa, kuanzia pale maziwa peke yake yanaposhindwa kumtosheleza. Neno lenyewe limesema: nyongeza. Unachoongezea lazima kiwepo.

Halafu kuna neno kulikiza, na hili ndilo linalotuponza. Wapo wanaolitumia kwa maana ya kuanza kumpa mtoto chakula, na wapo wanaolitumia kwa maana ya kumwachisha ziwa. Mambo haya mawili yanaweza kuachana kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kianze mtoto akiwa na miezi 6, na kunyonya kuendelee hadi miaka 2 na kuendelea. Kwa hiyo mama anayeambiwa "anza kulikiza" akaelewa "anza kupunguza ziwa" hana makosa. Neno ndilo lililombeba vibaya.

Kwa nini miezi sita, na kwa nini bibi anasema vingine

Bibi hakubuni. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ushauri wa kimataifa ulikuwa kuanza chakula kati ya miezi 4 na 6. Mwaka 2001, baada ya kupitia tafiti nyingi, Shirika la Afya Duniani lilihamia miezi 6 kwa watoto kwa ujumla, kwa sababu ilionekana watoto walionyonya tu hadi muda huo walikua sawa na wenzao na waliugua matumbo mara chache zaidi. Aliyelea watoto kabla ya hapo alifuata alichoambiwa na wahudumu wa afya wa wakati wake. Kumweleza hivyo kwa heshima kunamaliza ubishi haraka kuliko kumwambia mambo yake yamepitwa na wakati.

Utasikia pia kwamba Ulaya wanaanza mapema. Madaktari wa watoto wa huko wanasema chakula kisianze kabla ya wiki ya 17 wala kisichelewe kupita wiki ya 26. Wiki ya 26 ndiyo hiyo miezi sita. Tofauti ipo kwenye mlango wa kuingilia. Mlango wa kutokea wote wanakubaliana.

Umri hauendi peke yake. Mwili wa mtoto nao hutoa ishara tatu ambazo zinatakiwa zionekane pamoja: anakaa akiwa ameegemezwa na shingo imekaza, anaona kitu, anakishika na kukipeleka mdomoni mwenyewe, na ukimwekea chakula mdomoni anakimeza badala ya ulimi kukisukuma nje. Huo ulimi unaosukuma ni ulinzi aliozaliwa nao dhidi ya kukabwa, na hupotea wenyewe wakati ukifika. Kutafuna ngumi, kuamka usiku, au kukodolea macho sahani yako si ishara za kuwa tayari. Mtoto wa miezi minne hukodolea macho kila kitu, hata funguo za mlango.

Aliyezaliwa kabla ya wakati ana hesabu yake tofauti, na hiyo ifanywe pamoja na mtoa huduma anayemfuatilia.

Pengo lenyewe ni kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji nguvu ya kilokalori 600 na kidogo kwa siku. Anayenyonya vizuri hupata takriban 400 kutoka kwenye maziwa. Pengo la kuzibwa na chakula ni 200 hivi. Akifika miezi 9 hadi 11, pengo linakuwa 300. Mwaka wa pili linafika karibu 550, na hapo chakula kinakuwa kimeyapita maziwa.

Angalia hizo namba za mwanzo tena. Katika miezi ya kwanza ya kula, theluthi mbili ya nguvu ya mtoto bado inatoka kwenye maziwa. Ndiyo maana anayekula vijiko viwili akageuza uso hajakushindwa. Anachokula ni kidogo kwa sababu pengo lenyewe ni dogo.

Lakini ukihama kwenye nguvu ukaenda kwenye madini ya chuma, picha inageuka kabisa. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huja duniani na akiba ya chuma aliyoiweka tumboni mwa mama, hasa miezi mitatu ya mwisho. Ichukulie kama fedha iliyowekwa benki na mtu asiye na mshahara: anatoa kila siku, haingizi kitu. Kwa watoto wengi akiba hiyo hukaribia kwisha kwenye miezi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana; kinafyonzwa vizuri, lakini ni kidogo. Wataalamu waliopiga hesabu hii wanaonyesha kwamba mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya anahitaji kupata zaidi ya asilimia 90 ya chuma chake kutoka kwenye chakula. Zinki nayo iko karibu na hapo.

Kwa hiyo tuna jambo la ajabu kidogo: tunachohitaji kutoka kwenye kijiko ni kidogo kwa wingi na kikubwa sana kwa ubora. Vijiko vitatu vya maharage yaliyopondwa pamoja na nyama laini vinafanya kazi ambayo bakuli la uji mtupu haliwezi kuifanya. (Pembeni kidogo: kuchelewa kukata kitovu angalau dakika moja baada ya kuzaliwa humwongezea mtoto akiba hii ya chuma. Mama mjamzito anaweza kuliuliza jambo hili mapema kliniki.)

Tumbo la ukubwa wa kikombe

Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 ana nafasi ya gramu 240, yaani kikombe kimoja cha kawaida. Kikombe kikijaa, kimejaa, hata kama kilichomo ni maji.

Sasa chukua uji mwepesi, sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji, ule unaomiminika kama chai. Gramu 100 za uji huo zina kilokalori 30 hadi 40. Maziwa ya mama, kwa kiasi hicho hicho, yana kama 65 hadi 70. Ukimjaza mtoto uji wa namna hiyo kabla ya kunyonya, umeondoa kitu chenye nguvu ili upate nafasi ya kuweka chenye nusu yake. Na kuziba lile pengo la kilokalori 200 kwa uji huo, angehitaji zaidi ya nusu lita kwa siku. Ni matumbo mawili mazima. Atanyonya saa ngapi?

Naliandika hili nikimkumbuka mwanangu wa kwanza. Alipofika miezi sita na nusu niliuchuja uji hadi ukapita kwenye chuchu ya chupa, na alikuwa akimaliza chupa nzima asubuhi na nyingine jioni. Nilifurahi mno. Watu walimsifia kwamba ni mlaji. Kliniki ya mwezi wa saba uzito ulikuwa umeongezeka kiduchu. Ya mwezi wa nane mstari kwenye kadi ulilala kama kamba. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Uji wake anaunywa au anaula?" Nikamwambia anaunywa. Akachukua kijiko mezani, akakiinamisha, akaniambia chakula chake kikae hapa, kisimwagike. Niliporudi nyumbani nikapika uji mzito, nikaponda yai ndani yake, nikaweka kijiko cha chai cha siagi ya karanga isiyo na sukari. Alikula vijiko vitano, akafunga mdomo. Nilihisi hajala kitu. Mwezi uliofuata mstari ulinyanyuka.

Kipimo cha kijiko kilichoinamishwa ndicho ninachompa kila anayeniuliza. Chakula kikidondoka kama maji, kizidishie uzito. Kikikaa, kikateleza polepole, kiko sawa. Na kama ni kikavu mno, kilegeze kwa maziwa yake mwenyewe, ya mama au ya kopo (yale yaliyotengenezwa maalumu kwa watoto wachanga), badala ya maji.

Mafuta nayo husaidia: kijiko kimoja cha chai kina kilokalori 40 hivi. Lakini usimimine kwa wingi ukidhani umemlisha. Mafuta hayana chuma wala protini, na yakizidi humshibisha kabla hajala vyenye faida.

Kipi kitangulie, ziwa au kijiko?

Hili linabishaniwa sana, na sidhani kama linastahili ubishi wote huo. Kwa majuma ya mwanzo mimi naegemea maziwa yatangulie, halafu chakula nusu saa hadi saa moja baadaye. Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko. Atalia, utaogopa, wote wawili mtachoka. Aliyetulia nusu atacheza nacho, atakionja, atakitema, atakionja tena. Kipindi hiki anasomea kazi mpya ya mdomo. Kushiba bado kunatoka kwenye maziwa.

Akifika miezi tisa hivi na kazi akaijua, unaweza kugeuza, chakula kikaanza na maziwa yakafuata, au kila kimoja kikawa na saa yake. Kwa anayenyonya kwa mama, ziwa liendelee kutolewa kila anapolitaka, mchana na usiku. Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa: vipindi vikikatwa ghafla ili "asikie njaa", mwili unaelewa kwamba soko limepungua, nao unapunguza uzalishaji. Huyo ndiye mama wa swali la pili pale juu. Akimnyima ziwa mtoto wa miezi saba, anaweza kupoteza theluthi mbili ya chakula cha mtoto akitafuta theluthi moja.

Na yule wa swali la kwanza, ambaye mtoto amekataa ziwa baada ya kuanza kula? Mara nyingi ukichunguza utakuta anapewa chakula cha majimaji kingi, mara nyingi kwa chupa, kabla ya kunyonya. Rudisha maziwa mbele, fanya chakula kiwe kizito na kidogo, ondoa chupa na juisi, mnyonyeshe akiwa na usingizi usingizi mahali pasipo na kelele. Wengi hurudi ndani ya siku chache. Asiporudi, au akikataa vyote viwili, apelekwe akaangaliwe. Kidonda cha mdomo, pua iliyoziba au sikio linalouma hufanya hivyo hivyo.

Siku inakuwaje

Miezi 6 hadi 8, chakula ni mara mbili hadi tatu kwa siku. Anza na vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa mlo, upandishe taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11 ni mara tatu hadi nne, nusu kikombe kila mlo, na kitafunwa kimoja au viwili katikati akitaka. Kuanzia mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Hizi ni dira tu. Leo atakula mara mbili ya jana, kesho atagoma.

Kilichomo bakulini kina uzito kuliko idadi ya vijiko. Kuna makundi manane yanayotumika kupima mlo wa mtoto: maziwa ya mama; nafaka, viazi na mihogo; kunde, karanga na mbegu; maziwa na mtindi; nyama, kuku na samaki; mayai; mboga na matunda ya rangi ya njano au kijani iliyokolea; na mboga na matunda mengine. Akigusa matano kwa siku, mlo wake unahesabiwa kuwa mchanganyiko wa kutosha. Anayenyonya tayari ana moja mkononi. Uji wa nafaka kwa maharage, yai, na kipande cha papai, na hesabu imetimia.

Ukimpa kunde, mpe na tunda lenye vitamini C kama chungwa au papai kwenye mlo huo huo, chuma kitafyonzwa zaidi. Chai hufanya kinyume chake, huzuia chuma, na haina kazi yoyote kwa mtoto mchanga. Maini ni hazina ya chuma lakini yana vitamini A nyingi sana, kwa hiyo mara moja kwa wiki yanatosha.

Chumvi na sukari usiweke. Ulimi wake haujui kwamba vinakosekana. Ni wako unaojua. Asali isimguse kabla ya mwaka mmoja, hata ya kupaka tu ulimini, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu ndani ya utumbo wake ambao haujakomaa, na sumu hiyo hulegeza misuli hadi ya kupumulia. Maji sasa anaruhusiwa, mafunda machache kwa kikombe wakati wa kula, yaliyochemshwa kama usalama wake una shaka. Yasiwe mengi ya kumjaza.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo

Kanuni haibadiliki: maziwa ndiyo msingi, chakula kinaongeza. Tofauti ni kwamba hapa unaweza kuona kiasi. Miongozo ya Uingereza huweka takriban mililita 600 kwa siku miezi 7 hadi 9, ikishuka hadi 400 hivi miezi 10 hadi 12. Wa miezi kumi akiwa bado anamaliza karibu lita nzima, usishangae akikataa chakula, kikombe kimejaa. Huyu ndiye ambaye kupunguza maziwa kwa utaratibu kunamsaidia. Usichanganye hali yake na ya anayenyonya kwa mama. Na maziwa ya kopo yachanganywe kama lebo inavyosema, yasiongezwe maji ili yadumu wala unga wa uji ili "yashibishe".

Maziwa ya ng'ombe yana ushauri wa aina mbili na ni vyema ukaujua wote. Nchi nyingi zinasema yasiwe kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa yana chuma kidogo na kwa baadhi ya watoto husababisha damu kuvuja kidogo kidogo utumboni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema kwa asiyenyonya wa miezi 6 hadi 11, maziwa ya kopo au ya mnyama yanaweza kutumika. Ukiyatumia kabla ya mwaka, yawe yamechemshwa au yamesindikwa, na usisahau vyakula vyenye chuma kila siku. Muulize pia mtoa huduma kama anahitaji matone ya chuma. Baada ya mwaka, yakizidi nusu lita kwa siku huanza kufukuza chakula. Watoto wanene, weupe wa viganja, walioishiwa damu kwa kunywa maziwa tu, wapo. Yale makopo yanayouzwa kama maziwa ya kukuza watoto wa zaidi ya mwaka mmoja, shirika hilo hilo linasema si ya lazima.

Yanayosemwa, na yalivyo

"Baada ya miezi sita maziwa ya mama yanageuka maji." Hapana. Nguvu, mafuta na kinga vinaendelea kuwemo mwaka wa pili mzima. Kilichobadilika ni mtoto: amekuwa mkubwa na mahitaji yake yamepanda.

"Hana meno, asubiri." Ufizi wake unaponda vizuri chakula laini. Meno ya kutafunia yenyewe, magego, huja baada ya mwaka, na hakuna anayesubiri hadi hapo.

"Mayai, karanga na samaki umcheleweshee, vitamletea mzio." Hili lilikuwa ushauri rasmi. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto wenye hatari ya mzio wasubiri karanga hadi miaka mitatu. Mwaka 2008 walilirudisha nyuma kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2015 utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza ukaonyesha kinyume kabisa: kwa watoto wenye hatari kubwa, walioanza karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko waliozuiwa. Kwa hiyo baada ya miezi sita mpe, yai likiwa limeiva kabisa na karanga zikiwa zimesagwa laini, kidogo kidogo, kimoja kimoja, mchana ukiwa naye. Mwenye pumu ya ngozi iliyo kali au aliyekwisha kuvimba kwa chakula fulani amwone daktari kwanza.

"Anaamka usiku, mpe uji mzito wa jioni." Watoto wa miezi sita huamka kwa sababu nyingi: meno, joto, kukutafuta. Kuamka peke yake hakuthibitishi njaa.

"Saga kila kitu hadi afikishe mwaka." Huu ni upendo wenye woga, nauelewa, lakini unamchelewesha. Kuanzia miezi saba au nane chakula kiwe cha kupondwa kwa uma chenye vibonge laini, miezi tisa vipande vya kushika mwenyewe. Watoto wanaochelewa kukutana na vibonge kupita miezi kumi huwa wasumbufu zaidi wa kula baadaye.

Kinachowatisha wengi hapo ni kukabwa. Tofautisha mambo mawili. Akitaka kutapika, akakohoa, uso ukawa mwekundu na macho yakajaa machozi, anajisafishia njia mwenyewe. Tulia, mwangalie, usiingize kidole. Akikabwa kweli huwa kimya: hakohoi, halii, rangi inabadilika. Hapo ni dharura, na kila anayelea mtoto anapaswa kufundishwa namna ya kumpiga mgongoni na kumbonyeza kifua. Karanga nzima, zabibu nzima, bisi, soseji ya mviringo na karoti mbichi ngumu visimkaribie. Na asile akiwa amelala au anatambaa.

Akikataa

Chakula kipya huweza kukataliwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakikubali. Siyo mara mbili. Tunakata tamaa mapema mno, tunaandika "hapendi mboga" na mboga haijapata nafasi. Mpe kidogo leo, kiache, mpe tena keshokutwa pamoja na anachokipenda.

Kaa naye uso kwa uso. Subiri afungue mdomo. Akigeuza kichwa, akafunga midomo au akasukuma kijiko, ameshakujibu. Kumshika pua au kumkamata mikono umlishe kwa nguvu kunaweza kumfanya akabwe, na kunamfundisha kuogopa bakuli. Kazi yako ni kuchagua kipi, lini na wapi. Kiasi ni chake.

Nawa mikono yako na yake kwa sabuni, tumia kikombe na kijiko ambavyo husafishika kirahisi kuliko chupa, na chakula kilichokaa zaidi ya saa mbili bila ubaridi usimrudishie. Kuharisha huongezeka sana baada ya miezi sita, na sehemu kubwa huingia kwa mikono na vyombo.

Akiugua, hamu ya kula hushuka na ziwa ndilo hubaki likikubalika. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe vyakula laini anavyovipenda kidogo kidogo. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi, afidie alichopoteza. Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri akikataa maziwa na chakula vyote, akikojoa mara chache kuliko kawaida, akiharisha damu, akilegea, au mstari wa uzito ukilala au kushuka kwenye kadi yake kwa miezi miwili mfululizo.